Herufi za Gaspard

Kioo cha kompyuta kiligeuka cheusi ghafla, na katikati ya weusi ule yakatokea maneno meupe ya Kifaransa: nakala hii si halali. Kwa kuwa kompyuta ilikuwa imeunganishwa na projekta, maneno hayo yaliujaza ukuta mzima wa ukumbi wa parokia, makubwa kiasi cha kusomeka hata na akina mama waliokaa nyuma kabisa, watoto mgongoni.

Joëlle alibonyeza hapa, akabonyeza pale. Maneno hayakuondoka. Alikuwa amekuja kuwaonyesha wanachama wa Umoja, chama cha washonaji wa mtaa wa Rwambuzi, tovuti aliyokuwa akiwatengenezea. Karibu wote walikuwa wanawake waliokimbia vita huko Djugu, kutoka Bule, Fataki na vijiji vya katikati, na sasa walishona sare za shule na mikoba ya vitenge hapa Bunia. Wafanyabiashara fulani wa Kampala walikuwa wamesema wako tayari kununua, ila kwanza waione kazi yenyewe kwenye intaneti. Kwa Joëlle hiyo ilikuwa kazi ya kwanza tangu amalize masomo ya informatiki, na nyumbani kwao hapakuwa na nyingine ya kutegemea ila biashara ndogo ya mama yake.

Antoine, mweka hazina wa chama na mwanaume pekee katika kamati, aliyasoma yale maneno kwa sauti, kisha akayatafsiri kwa ajili ya wasiojua Kifaransa. Alipomaliza akamgeukia msichana. Hakuwa mkali. Pengine ukali ungekuwa afadhali.

"Ni kusema hii masini uliiba?"

"Masini hapana, Papa Antoine. Ile programu ya ndani njo..."

Aliishia hapo. Programu zote mle ndani, ile inayoiendesha kompyuta, ile ya kuchorea, ile ya kupangia kurasa, alizipata kwenye diski moja iliyozunguka chuoni kutoka mkono hadi mkono. Kila mwanafunzi alifanya hivyo. Bei ya programu hizo dukani hakuna aliyeiuliza, kwa vile hakuna aliyefikiri kwamba siku moja angeweza kuilipa.

Antoine alisema mjini iko ofisi inayofanya kazi hizi vizuri, kwa mkataba na muhuri, na labda chama kingeenda huko. Wengine waliitikia kwa vichwa. Mama Adeline, mwenyekiti, ambaye ndiye aliyempendekeza Joëlle, alizikunja sare zilizoletwa kupigwa picha. Mwishowe alisema binti apewe mpaka mkutano ujao.

"Lakini usituletee tena kitu ya kutuaibisha," alimalizia, bila kumtazama.

Nyumbani, Joëlle alimkuta mama yake amesimama uani, mikono kiunoni, akiangalia ubao mrefu ulioegemezwa ukutani. Baba yake, Gaspard, alikuwa ndani.

Ubao ule ulikuwa wa duka la dawa lililo karibu na soko. Gaspard ndiye aliyeuandika miaka ya kwanza walipofika Bunia: herufi za kijani zenye kivuli cheusi, na msalaba mdogo pembeni. Alikuwa mwandishi wa vibao. Kule Fataki walikotoka hakukuwa na duka wala kanisa lisilopitiwa na brashi yake, na hapa mjini pia alikuwa ameanza kujulikana. Kisha pikipiki aliyopanda ikateleza kwenye matope ya barabara ya uwanja wa ndege, mkono wake wa kulia ukavunjika, na mfupa ulipounga vidole vilibaki vimekunjika nusu, kama vya mtu anayeshika kikombe kisichokuwepo. Brashi haikukaa tena humo. Aliwaambia wateja wasubiri kidogo, mkono utapona. Walisubiri kidogo. Halafu wakaenda kuchapisha mabache, yale maturubai ya plastiki yenye picha zinazong'aa.

Siku hiyo mwenye duka la dawa alimwita kwa heshima alipokuwa akipita. Bache jipya lilikuwa limeshaning'inia. Alimwambia Muzee Gaspard achukue ubao wake, mbao zingali nzima, mama wa nyumbani anaweza kuzipikia. Hakuwa na nia mbaya. Gaspard aliubeba begani kupita barabara kuu, upande wenye maandishi ukielekea shingoni mwake ili watu wasiusome.

Denise, mkewe, hakuupikia. Biashara yake ya maandazi ya asubuhi na uji wa jioni ndiyo iliyokuwa ikiwalisha wote watatu, na kuni zilikuwa zikimsumbua kila siku, lakini aliuosha ule ubao, akaulaza juu ya matofali chini ya dirisha, ukawa meza. Juu yake Joëlle aliiweka kompyuta iliyomwaibisha, akawasimulia yaliyotokea parokiani. Alijaribu kusimulia kama jambo la kuchekesha. Hawakucheka.

Kesho yake alikwenda kwa Chance. Huyu walisoma naye, yeye akiwa mbele madarasa mawili, na sasa alikuwa na chumba kidogo cha kutengeneza simu na kompyuta. Joëlle alimuuliza kama anayo njia ya kuyafuta yale maneno. Chance alisema njia ipo, na mwezi ujao maneno yatarudi, naye Joëlle atarudi kuomba tena, na hivyo mpaka uzee. Kisha akachomeka flashi.

"Acha nikuonyeshe kitu haina mulango ya kuvunja," alisema.

Ilikuwa Linux, programu nyingine ya kuiendesha kompyuta. Joëlle alikuwa amesikia jina hilo darasani, katika saa moja ya mchana wa joto, mwalimu akiisoma tu kutoka kwenye karatasi. Alidhani ni kitu cha wataalamu wa mbali. Chance aliiweka kwenye kompyuta yake ile ile kuukuu wakati wanaongea, na ilipowaka iliwaka haraka kuliko siku ilipokuwa mpya. Mle ndani akamwonyesha GIMP ya kusafishia picha, Inkscape ya kuchorea, na Bluefish ya kuandikia kurasa za tovuti, inayoipaka rangi kila alama ili jicho lisipotee. Joëlle alikaa pale hadi jioni. Mara nyingi alitafuta kitufe mahali alipozoea asikikute, na akaudhika. Lakini kila mara alipouliza programu fulani inapatikanaje, jibu lilikuwa lile lile: ichukue. Alipotaka kujua namna ukurasa fulani ulivyofanya kazi, aliufungua akausoma, na hakuna kilichofichwa.

Aliporudi nyumbani na kuwaeleza, baba yake alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza mali hiyo ni ya nani.

"Haina mwenyewe moja, Papa. Batu mingi njo banaitengeneza. Bengine hatutabajua hata siku moja. Banatengeneza, kisha banaacha kila mutu achukue."

"Bure?"

"Bure. Na ukitaka kuibadilisha, unabadilisha."

Denise alikuwa akichambua maharagwe mlangoni. Aliinua kichwa. Katika kambi ya wakimbizi, walikokaa kabla ya kupata nyumba hii, alikuwa amepokea vitu vingi vya bure: ndoo, sabuni, blanketi. Kila kimoja alikipokea akiwa kwenye mstari, jeton, kile kikadi cha zamu, mkononi, na baada ya kukipokea aliambiwa asimame hapo, akishike juu kidogo, atabasamu.

"Na foto," aliuliza, "banatupiga saa ngapi?"

Joëlle alimwambia hakuna foto. Hakuna jeton, hakuna kutaja kijiji ulikokimbia. Denise akarudia maharagwe yake.

"Basi ni batu ya muzuri," alisema.

Tovuti ilianza upya. Asubuhi Joëlle alimsaidia mama yake kukanda unga, halafu alikwenda na simu yake kwa washonaji, akawapiga picha wakiwa kazini, yule mwenye kukata, yule mwenye kutia vifungo. Mchana alizisafisha kwenye GIMP, akiondoa kivuli cha bati na ndoo zilizoingia pembeni. Kurasa zilisimama vizuri. Kilichomshinda ni jina la chama juu ya ukurasa wa kwanza. Alijaribu herufi zote zilizokuwemo kwenye mashine na zote zilifanana na tangazo la benki.

Gaspard alikuwa na kawaida ya kukaa nyuma yake bila kusema. Siku hiyo alisema. Alisema ile J inaanguka, na ile O haina tumbo.

Joëlle, aliyekuwa amechoka, alimwambia basi azirekebishe yeye. Palepale akajuta, kwa sababu jicho la baba yake lilishuka kwenye mkono wake wa kulia. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na njia pekee ya kulitengeneza ilikuwa kulichukulia kwa uzito. Alisimama, akamwachia kiti, akahamishia kipanya upande wa kushoto.

Alimweleza kwamba katika Inkscape herufi haichorwi kwa kiganja kimoja kisichotetemeka. Unaweka vituo vichache tu, na kila kituo kina mikono miwili midogo. Ukiuvuta mmoja, mstari unapinda upande ule.

"Hii kitu iko na mikono mbili," Gaspard alisema. "Miye nabakia na moja."

Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Kipanya kilimkimbia. Alivuta mkono wa kituo na herufi nzima ikavimba kama jipu. Mara mbili alitoka nje akisema huo ni mchezo wa watoto, na Denise akamfuata uani, akamwambia kwa sauti ndogo kwamba asipotaka asifanye, lakini asimlaumu binti. Mara moja nusura wakorofishane: Gaspard alifuta kwa bahati mbaya kazi ya nusu siku, akabaki ameganda, uso umemwishia damu, kama mtu aliyemwaga rangi kwenye altare. Joëlle aliunyoosha mkono, akabonyeza vitufe viwili, na kila kitu kikarudi.

"Fanya tena," alisema Gaspard.

Alimfanyia tena. Alimwonyesha jinsi ya kurudi nyuma hatua moja, hatua kumi, mpaka mwanzo kabisa. Gaspard alikuwa amefanya kazi maisha yake yote juu ya kuta za watu, mahali ambapo tone likishaanguka limeanguka, na mwenye ukuta anakuangalia. Toka saa hiyo alianza kuthubutu. Alivuta mistari mirefu, akaiharibu, akaivuta tena. Vidole vya kushoto vikazoea. Alianza kuamka kabla ya maandazi, akikaa mbele ya dirisha na chai yake, na Joëlle akalazimika kuomba zamu kwenye kompyuta yake mwenyewe.

Herufi alizochora hazikuwa za Bunia wala za benki. Zilikuwa pana, miguu yake imekanyaga sawasawa, na mahali brashi ingeinuliwa aliacha kidokezo kidogo kama mkia. Alichora jina la chama. Kisha akachora majina ya washonaji, kwa kuwa Joëlle alitaka kila kazi iwe na jina la aliyeishona.

Ukumbi wa parokia ulijaa kuliko mara ya kwanza. Joëlle alijua kwamba wengine walikuja kuona kama yale maneno yatarudi. Baba yake na mama yake walikaa benchi la mwisho, karibu na mlango.

Kabla hajawasha projekta, Antoine aliuliza hii ya leo ameiiba wapi, na watu wakacheka. Joëlle alingoja wamalize.

"Hii hapana ya kuiba, Papa Antoine. Banaitoa. Nikitaka, leo naweza kumupatia kila mutu kopi, na hakuna sheria nitavunja."

Antoine alivua miwani. Alimuuliza, kwa dhati sasa, kama kila kitu kinatolewa, yeye chama kitamlipa kwa kitu gani.

"Kazi. Programu haijui kuandika juu ya mikoba yenu, haijui kupiga foto ya muzuri. Munalipa kazi ile. Na siku mutaona sifanyi muzuri, mutachukua tovuti yenu na kuipatia mwengine, kila kitu kiko wazi. Sitafunga kitu."

Antoine aliirudisha miwani usoni. Alisema, kama anayejisemea, kwamba kompyuta ya ofisini kwake nayo humwandikia maneno yale yale kila asubuhi, na yeye huyafunika kwa kalenda. Safari hii walicheka naye.

Ukuta ukawaka. Jina la chama lilitokea kwanza, kwa rangi ya udongo uliochomwa, na chini yake mikoba na sare, safi, kila moja na jina lake. Mshonaji mmoja aitwaye Bijou alisimama bila kuombwa, akaenda hadi mbele kuuangalia mkoba wake. Aliligusa jina lake ukutani. Likamwangukia mkononi na kwenye bega, na hakusogea.

Mama Adeline hakuwa akiangalia mikoba. Alikuwa akiangalia herufi.

"Hizi nilishaziona," alisema. "Duka ya chumvi ya Fataki iliandikwa hivi. Na dispensaire."

Mwanamke mwingine alisema na kanisa. Mwingine akataja kinu cha mama mmoja, kilichokuwa kwenye kona ya soko, kilichoandikwa jina la mwenyewe kwa bluu. Wakaanza kutaja, mmoja baada ya mwingine, maduka na vibanda ambavyo vyote viliungua, na kila mmoja alikumbuka rangi. Hakuna aliyelia. Ilikuwa kama watu wanaopishana barabarani kule nyumbani na kusalimiana. Mama Adeline aligeuka, akamtafuta kwa macho mpaka benchi la mwisho.

"Muzee Gaspard, ni mukono yako?"

Gaspard alisimama. Alijibu ndiyo, ni mkono wake, na akabaki amesimama kwa sababu hakujua kama ni ruhusa kukaa.

Wale wa Kampala waliona, wakaagiza mikoba. Si mingi kama ilivyotarajiwa, lakini waliagiza, na waliagiza tena. Joëlle alilipwa, akapata kazi nyingine ya shule ya ushonaji, na nyingine ya watu wa kahawa. Denise aliacha kuuza uji wa jioni, akabaki na maandazi ya asubuhi.

Chance ndiye aliyeleta wazo la herufi. Alikuja Jumapili baada ya misa, akamweleza Gaspard kwamba akizikamilisha zote, kubwa na ndogo, pamoja na namba, ipo programu nyingine ya bure iitwayo FontForge inayoweza kuzifunga pamoja, ili mtu yeyote aziandikie kama anavyoandikia herufi nyingine. Anaweza kuziuza. Anaweza pia kuzitoa, kama walivyotoa wale wengine.

Denise alisema ziuzwe. Alisema bila aibu: mkono wenyewe umeshavunjika, na hizo ndizo zilizobaki. Gaspard alikubali kwamba ana haki. Kwa siku kadhaa hawakulizungumzia, huku yeye akizimaliza zilizobaki, X ambayo hakuna duka lililoihitaji, na Q.

Alipomaliza alimwambia mkewe kwamba amefikiri. Kama wale watu wasiomjua wangeuza ile programu ya vituo vyenye mikono miwili, yeye leo angekuwa amekaa barabarani akiwaambia wateja mkono utapona.

"Bananipatia bila kuniuliza jina," alisema. "Na miye nitoe namna ile."

Denise hakumbishia. Alimuuliza tu kama ataandika ni nani aliyezichora. Joëlle alisema ndiyo, jina la mchoraji hubaki, na herufi zenyewe pia lazima ziwe na jina. Gaspard alisema ziitwe Fataki. Joëlle akaliandika.

Mvua za mwisho zilikuwa zimepungua Gaspard alipopita barabara ya kwenda sokoni na kuona bache jipya juu ya kibanda cha kuchaji simu. CHARGE TÉLÉPHONE. Zilikuwa herufi zake. Alisimama katikati ya njia mpaka pikipiki ikampigia honi. Alizifuata moja moja kwa macho, akitingisha kichwa taratibu, mpaka alipofika kwenye R. Hapo uso ukabadilika. Mguu wa R haukuwa wake. Mtu alikuwa ameuvuta nje, ukashuka kwa mshazari na kusimama mbali kidogo na mwili.

Alimuuliza mama mwenye kibanda ni nani aliyeandika. Alijibu kwamba shemeji yake, Delphin, aliyetengeneza bache huko Mahagi, alizipata herufi kwenye intaneti, lakini kuna mtu mwingine aliyezigusa kabla yake, hajui ni nani wala wa nchi gani. Yule mama akauliza kama kuna kosa. Hasira ilikuwa imempanda Gaspard. Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaangalia kwa mbali, kama alivyokuwa akiangalia ukuta kabla ya kushuka ngazi. Alihamia upande wa pili wa barabara. Kutoka huko R yake mwenyewe ingejibana na G iliyoifuata. Hii ilipumua.

"Hapana," alimwambia yule mama. "Iko muzuri."

Nyumbani Joëlle alikuwa akifanya kazi kwenye kompyuta, lakini alipomwona baba yake amesimama mlangoni bila kuvua kofia, alimpisha kiti. Gaspard alikaa, akaifungua R, akakishika kituo cha chini kwa mkono wa kushoto, na akaanza kuuvuta ule mguu nje, polepole, akijaribu kukumbuka yule mwenzake aliusimamisha wapi.